Nitajifungia Newala siku 28, nijitibu mwenyewe

BARUA

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni daktari wa meno katika hospitali moja ya wilaya, mkoa wa Lindi. Nina miaka 39, mke na watoto watatu. Naandika nikiwa nimejifungia kwenye chumba cha kung'olea meno, saa kumi jioni, wagonjwa wameshaondoka. Tafadhali wilaya usiitaje, kwa sababu daktari wa meno hapa ni mimi peke yangu. Tabibu wa meno tuliyenaye yuko masomoni.

Nakunywa pombe. Nilianza baada ya kuhamishiwa huku, miaka sita iliyopita, bia mbili za kuondoa uchovu. Kisha akaja mama mmoja mwenye jipu la jino lililokwisha kushuka shingoni, hawezi hata kumeza mate. Nilimpa rufaa, akafia njiani. Tangu hapo bia mbili hazikutosha tena. Leo natumia pombe kali ya asilimia 35, chupa ndogo mbili za mililita 200 kila siku. Ya kwanza naifungua alfajiri, maana bila hiyo mikono inatetemeka na siwezi kushika sindano ya ganzi. Anayeninunulia ni kijana wa bodaboda, anadhani ni za mgeni. Msimu wa mabibo, mfuko ukiwa mtupu, nakunywa nipa, gongo ya mabibo. Usiku nameza diazepam za miligramu 5, nne, ili nilale. Cheti cha dawa naandika mwenyewe, kwa jina la mtu mwingine.

Mimi ni Muislamu. Baba mkwe wangu ni mwalimu wa madrasa. Ramadhani iliyopita nilinuia kuacha. Siku ya kwanza nilifunga huku jasho linanitoka na moyo unakwenda mbio. Siku ya pili, baada ya alasiri, nilianguka ukumbini, nikajing'ata ulimi, mwili mzima ukatetemeka mbele ya watoto. Mjomba wangu alishuka kutoka Newala usiku ule ule, akasema nimetupiwa kitu. Sheikh akaitwa, nikasomewa. Usiku wa manane nikaenda uani, nikanywa, asubuhi nikaamka mzima. Nyumba nzima wakashukuru kwamba kisomo kimekubali. Nami nikakaa kimya. Sijawahi kuona aibu kama ile. Mjomba bado anataka nipelekwe kwa mganga.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa namng'oa mzee mmoja gego la chini. Ganzi nilichoma mara tatu ndipo ikashika, na mzizi mmoja ukakatika nikauacha ndani. Muuguzi anayenisaidia aliniangalia, hakusema kitu mbele ya mgonjwa. Baadaye akaniambia, "Daktari, kapumzike. Waliobaki nitawaambia waje kesho." Barakoa haizuii harufu, najua.

Sasa nimepanga hivi. Nina likizo ya mwaka, siku 28. Nitakwenda kwa mama yangu Newala, nijifungie chumbani. Nimeshanunua dripu sita za sukari, dextrose asilimia 5, sindano za vitamini B na diazepam za kutosha. Dozi nimeziandika kwenye karatasi, za kupungua siku hadi siku. Mama nitamwambia ni malaria. Nikirudi, nimepona, na hakuna aliyejua.

Nikimwambia Mganga Mkuu wa Wilaya, naona leseni yangu mezani kwa Baraza la Madaktari. Nikimwambia mke wangu, naona uso wa baba yake. Mke wangu siku hizi hata haniulizi kwa nini nachelewa, na mimi nashukuru haulizi. Kuna usiku nawaza kwamba nisingeamka, wangepata mafao yangu na heshima yao ingebaki. Sipangi kitu, nawaza tu.

Naomba uniambie kama mpango wangu una kasoro ya kidaktari ambayo sijaiona, na kama ni lazima kumwambia mtu. Wahenga walisema mganga hajigangi, lakini wao hawakusomea famakolojia.

Daktari wa meno, Lindi

JIBU

Marahaba, Daktari. Barua yako nimeisoma mara mbili, na yale ambayo yangemfanya jirani akutambue nimeyatoa.

Nianze na mistari uliyoipitia haraka, ya usiku unaowaza usiamke. Unasema hupangi kitu, na nakuamini. Hata hivyo nakuuliza kama ambavyo wewe ungemuuliza mgonjwa: mawazo hayo yanakuja mara ngapi, na yakija, mkononi kuna nini? Pombe huyaongezea uzito mawazo ya namna hiyo, halafu huondoa ile subira inayomvusha mtu hadi asubuhi. Mchanganyiko wako wa kila usiku, pombe na diazepam pamoja, unaweza kuzima pumzi ya mtu asiyepanga chochote. Kwa hiyo, kabla ya Newala na kabla ya leseni, naomba dawa zote za usingizi zitoke chumbani kwako leo na zikae kwa mtu mwingine. Mawazo yakigeuka kuwa mpango, usiongoje miadi ya mtu yeyote. Mwamshe mkeo, mwende hospitali iliyo karibu usiku huo huo, hata kama ni hiyo hiyo unayofanyia kazi.

Sasa tuje kwenye swali lako. Umeuliza kama kaka anayeomba mwenzake amkagulie karatasi ya dozi, basi tuikague.

Chupa mbili za mililita 200 zenye asilimia 35 zina mililita 140 za kilevi halisi, kama gramu 110. Shirika la Afya Duniani huhesabu kipimo kimoja cha kinywaji kuwa gramu 10, kwa hiyo wewe uko kwenye vipimo 11 kwa siku. Hapo nipa haimo, kwa sababu nipa haina lebo: ya nyumba hii inaweza kuwa kali mara mbili ya nyumba ya pili. Kiasi hicho peke yake kingetosha kumfanya daktari yeyote akulaze. Ila lililo kubwa zaidi ni lile la Ramadhani. Ulichokipata siku ya pili ya kufunga hakikuwa kitu cha kutupiwa, na nadhani ulijua tangu ukiwa sakafuni. Ilikuwa degedege ya kukatiza pombe ghafla.

Unakumbuka utaratibu wake, lakini nauandika kwa ajili ya wasomaji wengine na kwa ajili ya mkeo akiisoma safu hii. Pombe hukanyaga breki za ubongo. Ubongo uliokanyagiwa breki kila siku kwa miaka hujibu kwa kuongeza mafuta ili mtu aendelee kutembea na kufanya kazi. Siku pombe inapoondolewa ghafla, breki inaachiwa lakini mafuta yako pale pale. Saa 6 hadi 12 baada ya glasi ya mwisho huanza jasho, kutetemeka, kichefuchefu na moyo kwenda mbio. Degedege hutokea zaidi kati ya saa 6 na 48. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huingia kwenye kuweweseka kukubwa: homa, kuona visivyokuwepo, kutojua yuko wapi wala anaongea na nani. Hali hiyo huua isipotibiwa. Vijana wa mtaani huita mateso ya kuacha heroini arosto. Arosto ya heroini inatesa sana, lakini kwa mtu mzima mwenye afya ni nadra kuua. Ya pombe inaua. Na aliyekwisha kupata degedege mara moja ana hatari zaidi safari inayofuata, maana ubongo huzidi kuwa mwepesi wa kuwaka kila pombe inapokatwa ghafla.

Kwa hiyo diazepam kwenye mpango wako ndiyo dawa sahihi. Kasoro iko kwa anayeitoa. Hospitalini dozi hufuata hali ya mgonjwa, haiachiwi karatasi peke yake. Mara nyingi mgonjwa hupimwa kila baada ya saa moja au mbili kwa CIWA-Ar, jedwali la kupimia ukali wa dalili za kuacha pombe, lenye vipengele 10 na alama 67, kisha hupewa miligramu 10 hadi 20 kwa kadiri ya alama, hadi atulie. Kipengele kimojawapo kinapima kama mgonjwa anajua tarehe na mahali alipo. Sasa niambie, Daktari, usiku wa tatu pale Newala, ukiwa umechanganyikiwa, nani atakupa alama ya kipengele hicho? Chombo cha kupimia ni akili yako, nayo ndiyo ya kwanza kupotea.

Kuna jambo lingine karatasi yako huenda haikuliweka. Mwili wako umekwisha kuizoea diazepam, miligramu 20 kila usiku. Dozi inayomtuliza mtu mwingine inaweza isikutulize wewe, ukaona haifanyi kazi ukaongeza. Na ukishindwa siku ya tatu ukanywa, ile diazepam ya jana bado imo damuni, kwa sababu hukaa siku nyingi. Dozi ikipungua ni degedege, ikizidi juu ya pombe ni pumzi. Wodini yupo muuguzi wa kuona mojawapo ikianza. Chumbani kwa mama yupo mama, naye ameambiwa ni malaria.

Zile dripu ndizo zilizonitia hofu kuliko vyote. Mnywaji wa muda mrefu huwa na akiba ndogo sana ya thiamini, yaani vitamini B1, na mwili huitumia thiamini kuchoma sukari. Ukimimina dextrose kwa mtu wa namna hiyo bila kutanguliza thiamini ya kutosha, kile kidogo kilichobaki kinaisha, na ubongo unaweza kuumia: macho yanacheza au kukwama, mwendo unayumba, akili inachanganyika. Ndiyo Wernicke, ugonjwa wa ubongo uliousoma chuoni. Ikiachwa, kumbukumbu inaweza isirudi tena. Tazama lebo ya sindano zako za vitamini B uone kila moja ina miligramu ngapi za thiamini, kisha linganisha na miligramu 500 za kwenye mshipa, mara tatu kwa siku, ambazo hutolewa Wernicke inaposhukiwa. Tena wodini hupimwa potasiamu na magnesiamu, kwa sababu zikiwa chini moyo unaweza kupoteza mapigo. Newala chumbani hilo halipimiki.

Umesema wahenga hawakusomea famakolojia. Kweli. Lakini hebu soma barua yako kama faili la mtu mwingine: dawa anajiandikia, kwa jina lisilo lake, utambuzi wa ugonjwa kajipa, matokeo ya matibabu, ile asubuhi baada ya kisomo, kayapokea kimya kwa kuwa yalimfaa. Kila ugonjwa wako ulipohitaji daktari, uraibu ulikaa kwenye kiti cha daktari na wewe ukauachia. Sisemi hivi kukulaumu. Ujuzi wako ni wa kweli, ila kwa jambo hili umekuwa ukiutumikia uraibu. Ndiyo maana mwaka 2017, Chama cha Madaktari Duniani kilipokutana Chicago kurekebisha kiapo cha Geneva, waliongeza ahadi ya daktari kuitunza afya yake mwenyewe ili aweze kumhudumia mgonjwa kwa kiwango cha juu. Haikuwamo kabla ya hapo.

Basi uende wapi? Zipo njia zaidi ya moja, na kila moja ina gharama yake.

Ya kwanza ni kulazwa hospitali iliyo nje ya wilaya yako. Mtwara kuna Ligula na ile Hospitali ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Masasi kuna Ndanda. Uzuri wake ni ukaribu: mkeo anaweza kuja na kurudi. Ubaya unaujua, kusini wataalamu wa afya tunajuana, na huenda mapokezi ukamkuta uliyesoma naye. Ya pili ni Dar es Salaam, kwenye idara ya afya ya akili ya Muhimbili, au Dodoma pale Mirembe. Huko una faragha zaidi na madaktari bingwa wa kazi hii, lakini ni mbali. Kutoka Lindi hadi Dar ni kama kilomita 450 za basi, na mtu aliyekatiza pombe jana asipande basi hilo. Degedege ikikukuta katikati ya safari, nani atakushusha? Ukichagua njia hii, kiasi unachokunywa usikikate kabla ya kufika, na usisafiri peke yako.

Kabla hujasafiri popote piga simu kwanza, uulize kama wana kitanda na kama yupo daktari anayeijua arosto ya pombe. Sema hivi hivi bila kupamba: nakunywa gramu 110 kwa siku na wakati mwingine nipa, nilipata degedege siku ya pili ya kuacha, natumia diazepam miligramu 20 usiku, nimekuwa na mawazo ya kutoamka. Maneno hayo manne yanabadilisha namna utakavyopokelewa. Chagua daktari ambaye si rafiki yako wala si mdogo wako kazini, halafu umwombe akutibu kama mgonjwa yeyote wa foleni. Madaktari tunapougua tunatibiwa koridoni, kwa heshima nyingi na vipimo vichache. Faili lako usilifungue. Dozi yako usiijadili isipokuwa umeulizwa.

Wengine watakuelekeza soba hausi, nyumba za upataji nafuu. Zimewasaidia watu wengi, hasa kwa miezi inayofuata, kwa kuwa mtu huishi na wenzake waliopita njia hiyo. Kwako isiwe hatua ya kwanza. Nyumba nyingi za aina hiyo hazina daktari wa kukaa nawe siku zile nne za hatari. Toka hospitali kwanza, kisha uliza kama nyumba hiyo ina muuguzi, na kama inakubali mtu anayepunguziwa diazepam polepole. Diazepam haikatwi pamoja na pombe siku moja ikaisha. Kwa kawaida hupunguzwa sehemu ndogo kila wiki mbili, wakati mwingine kwa miezi.

Mpaka kitanda kipatikane, usiache ghafla na usiongeze. Kunywa kiasi kile kile, kula chakula, anza vidonge vya thiamini, pikipiki usiendeshe. Na wagonjwa usiwaguse. Hili la mwisho linauma, najua, lakini mzizi wa yule mzee bado umo tayani. Mtafute arudi, apigwe picha, na mwenzako wa hospitali nyingine amwone.

Hapo utaniambia kwamba wewe ndiye daktari wa meno pekee. Wagonjwa wa wilaya yako waliishi vipi miaka saba iliyopita, kabla hujahamia? Walipewa rufaa, walisafiri, walisubiri. Haikuwa nzuri, lakini iliwezekana, na kwa wiki chache za matibabu yako itawezekana tena. Unaweza kuwaachia kitu cha maana kuliko mkono unaotetemeka: ukurasa mmoja ukutani pale mapokezi, kwamba uvimbe chini ya taya pande zote mbili, kushindwa kufungua mdomo au kushindwa kumeza mate si wa kusubiri daktari wa meno, ni antibayotiki ya mshipani na rufaa siku hiyo hiyo, njia ya hewa ikiangaliwa. Nadhani unajua kwa nini nimeuchagua ukurasa huo. Yule mama umemtaja kwa sentensi tatu tu, halafu ukaendelea na hesabu za chupa. Sidhani kama umewahi kukaa na mtu ukamweleza siku ile ilivyokuwa. Mshauri nasaha utakayempata, mwambie aanzie hapo.

Kuhusu leseni, siwezi kukuahidi kitu, na anayekuahidi usimwamini haraka. Baraza lipo chini ya Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi ya mwaka 2017, na kazi yake ya kwanza ni usalama wa wagonjwa. Kuugua na kutibiwa ni jambo moja. Kumtibu mtu ukiwa umelewa, au kuandika cheti kwa jina la mwingine, ni jambo jingine kabisa, na kila siku unayoendelea kuficha unatoka kwenye lile la kwanza unaingia la pili. Kwa mwajiri, cheti cha likizo ya ugonjwa kinatosha kusema uko kwenye matibabu. Ugonjwa wenyewe ni siri yako na ya daktari wako. Unaweza kwenda hivyo bila kumwambia Mganga Mkuu wa Wilaya zaidi ya hapo. Hatari yake ni kwamba ukirudi hakuna anayejua kukulinda: utapangiwa zamu zile zile, na yule muuguzi ataendelea kubeba siri isiyo yake. Unaweza pia kumwambia mwenyewe, mkiwa wawili, ukiwa na barua ya daktari anayekutibu mkononi. Hatari yake ni kwamba binadamu hawafanani, na ofisi nyingine zina midomo. Kabla ya kusaini maelezo yoyote ya kazini, ongea na mwakilishi wa chama chako cha wafanyakazi, TUGHE kama ni mwanachama, au wakili, na vile vyeti umwambie ukweli. Uamuzi huu ni wako, wala si lazima uufanye wiki hii. Kulazwa ndiko kusikoweza kungoja.

Kitu kimoja nataka ukijue unapoufikiria uamuzi huo. Mwaka 2008 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha matokeo ya madaktari 904 wa Marekani wenye uraibu, waliofuatiliwa na programu 16 maalumu kwa miaka 5. Mwishoni, kati ya 802 ambao matokeo yao yalijulikana, karibu asilimia 79 walikuwa na leseni na wako kazini. Waliotibiwa na kurudi kazini hawakuachiwa hivi hivi: walisimamiwa na kupimwa mara kwa mara bila kuambiwa siku, na walioteleza, maana wapo walioteleza, waligundulika mapema. Uingereza nayo, mwaka huo huo wa 2008, ilianzisha huduma ya siri kwa madaktari na madaktari wa meno, ambako mgonjwa hujipeleka mwenyewe. Huku kusini huduma ya namna hiyo inabidi tujishonee wenyewe: daktari mmoja anayekutibu, mtu mmoja kazini anayejua, kipima pumzi cha asubuhi kabla ya kuvaa glavu, miadi ya kila mwezi, na wewe kutojiandikia dawa hata ya mafua. Wenzetu waliwafuata watu miaka 5. Wewe umejipa siku 28.

Siku hizo 28 zitakutoa kwenye hatari ya degedege tu. Usingizi unaweza kusumbua wiki nyingi zaidi, na mikono haitulii siku moja. Huzuni uliyonayo ipimwe upya baada ya kama wiki nne bila pombe, kwa sababu sehemu kubwa ya sonona ya mnywaji mara nyingi huondoka na pombe yenyewe. Inayobaki ndiyo inayohitaji matibabu yake. Zipo pia dawa za kupunguza hamu ya kunywa, kama naltrexone na acamprosate. Muulize daktari wako ipi inapatikana na kama ini lako linairuhusu.

Nimebakiza mkeo. Unashukuru kwamba haulizi. Mtu huacha kuuliza akichoka, au akishajua jibu. Alikuona ukianguka, anafua mashati yako, analala kando yako. Labda siri hii unamficha baba yake zaidi kuliko yeye. Huna haja ya kumwambia yote kwa usiku mmoja. Yapo mawili anayohitaji kuyajua kwa usalama wako: kwamba ile ya Ramadhani ilikuwa degedege ya kuacha pombe, na kwamba ikitokea tena akulaze ubavu, asikutie kijiko mdomoni, asikunyweshe kitu, akuwahishe hospitali. Hivyo hivyo akikuona unaweweseka, una homa au macho yanacheza.

Mjomba asikukere. Kwenu mjomba ndiye mwenye kauli, na alishuka usiku ule kwa kuwa anakupenda. Dawa ya mganga sishauri, ini lako lina mzigo tayari, lakini mjomba mwenyewe anaweza kuwa ngao yako. Akisema yeye kwamba kijana wake anaumwa na yuko hospitali, ukoo utatulia. Sheikh naye, ukimwendea faragha, atakuwa amesikia mengi kuliko unavyodhani, na mgonjwa ana ruhusa yake katika funga. Ramadhani ijayo isikukute unajaribu tena peke yako.

Usiku wa leo, mkabidhi mkeo boksi la diazepam. Usizikate ghafla, akupe si zaidi ya zile nne, na akikuona umelewa sana au unasinzia ovyo, asikupe, na asikuache peke yako. Atakuuliza ni za nini, na hapo utakuwa umeshaanza kumweleza. Kesho asubuhi, kabla ya chupa ya pili, piga ile simu ya kitanda mkiwa pamoja.